Pete, Chembe ya Madini na Mchungaji wa Kondoo

Fungu la mchicha linalouzwa hapa Vigwaza na damu ya dereva wa lori anayesubiri zamu yake mizani vina undugu. Ukijani wa jani na wekundu wa damu hutokana na molekuli zenye umbo la pete, kila moja imeshika chembe ya madini katikati: kwenye jani ni magnesi, kwenye damu ni chuma.

Pete za namna hiyo ndizo kazi ya Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho wa mwaka 1951. Utotoni alikuwa akienda shule siku moja, siku ya pili akichunga kondoo milimani. Sekondari alichukua masomo ya sanaa, maana sayansi ilisemwa kuwa ngumu. Ilipobaki miaka miwili amalize, akahamia sayansi. (Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, tena kwa furaha.) Digrii ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho mwaka 1977, ya pili McMaster, Canada, mwaka 1981, na udaktari wa falsafa Western Ontario mwaka 1987. Mwaka 1992 akajiunga na Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2009 alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Pete yake huitwa ftalosianini, nayo hutengenezwa na binadamu. Ukiweka shaba katikati, unapata bluu ya wino na ya rangi za kupaka, basi. Ukiweka zinki, mambo hugeuka: ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, huipa nguvu oksijeni iliyo jirani, nayo oksijeni huwa kali kiasi cha kuua seli. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani hupewa rangi ya namna hiyo, husubiriwa ijikusanye kwenye uvimbe, kisha humulikwa pale pale tu. Gizani dawa hulala. Dawa nyingine za saratani huzunguka mwili mzima na kupukutisha nywele.

Lakini tusidanganyane. Mwanga hauzami sana mwilini, hivyo uvimbe wa ndani hutaka waya maalumu wa kuupitisha, na mgonjwa hulazimika kulikwepa jua kwa muda. Hata hivyo Urusi tayari inatumia dawa ya ukoo huo, yenye alumini katikati.