Termoflashi haipigi mtu kitu: fizikia niliyoshindwa kumweleza mama mkubwa

Leo naleta somo dogo la fizikia, lakini linaanzia kwa aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, upande wa Beni, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu 3 470 waliugua na 2 287 wakafa. Wote tunakumbuka: kila bariera, kila mlango wa kanisa na wa masomo, kulikuwa ndoo ya maji ya klori na kijana mwenye kushika termoflashi. Unanawa, unasogeza kichwa, anakuelekezea ile kitu kama bastola, inalia tii!, unapita.

Siku moja mama mkubwa akaanza kuumwa kichwa na kutetemeka. Tukamwambia aende kwa kituo cha afya. Akakataa kabisa.

— Mimi siende kule. Ile bastola inapiga moto mu kichwa ya mutu. Banakutia ule ugonjwa pale pale kwa mulango.

— Hapana mama, haipigi kitu. Inafanya kazi na infrarouge.

— Infrarouge ni nini?

Nikaanza na rayonnement, nikaongeza longueur d'onde. Aliniangalia tu, kiisha akasema: "Mwanangu, miaka yote ile tulikulipia masomo, na ukiulizwa kitu kwa Kiswahili unakimbilia Kifaransa. Basi hata weye haujue."

Akabaki nyumbani siku 3. Tulipofaulu kumfikisha kwa daktari, ilikuwa malaria, tena alikuwa amekwisha kulegea sana. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini yale maneno yake hayakunitoka, maana alisema kweli. Nilikuwa najua fomula, kitu chenyewe sikukijua vizuri. Basi hii ndiyo jibu ambalo ningepaswa kumpa ile siku.

Tuanzie jikoni. Joto lina njia tatu za kutembea.

Tia kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Kisha muda mfupi, ule upande ulioshika unakuchoma. Moto haukupanda kwa kijiko. Ni chembe ndogondogo za chuma zinazotetemeka na kusukumana, jirani kwa jirani, mpaka kwenye vidole vyako. Njia ya kwanza, joto la kugusana.

Angalia sasa maji yenyewe. Yale ya chini yakipata moto yanatanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya juu yenye baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hapa maji yenyewe ndiyo yanatembea na joto lao. Njia ya pili, joto la kubebwa. Hewa nayo inafanya vile.

Sasa keti pembeni ya babula yenye makala mekundu. Pembeni, siyo juu yake. Uso wako unasikia moto. Makala haujaigusa. Hewa ya moto nayo haiji kwako, inapanda juu. Chukua sahani ao kipande cha katoni, ukiweke kati ya uso na makala: joto linakatika palepale. Ukitoe: linarudi palepale. Hiyo ndiyo njia ya tatu, mionzi.

Mionzi hiyo ni mawimbi, ndugu ya mwangaza na ya mawimbi ya redio. Yote inatembea mwendo mmoja, karibu kilometa 300 000 kwa sekunde, na haiombe hewa ya kuibeba. Njo maana joto la jua linatufikia kupitia utupu. Kinachotofautisha ni urefu wa wimbi. Jicho letu linaona mawimbi ya mikromita 0,4 mpaka 0,7 hivi, toka zambarau mpaka nyekundu. Yaliyo marefu kupita nyekundu, jicho haliyaoni, lakini ngozi inayasikia. William Herschel ndiye aliyagundua Uingereza mwaka 1800: alipasua mwangaza wa jua kwa prisma, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, pale jicho haliona rangi yoyote, na kipimajoto kikapanda. Neno infrarouge halina uchawi, maana yake ni "chini ya nyekundu" tu.

Tufike kwa jambo lenyewe. Kila kitu kinatoa mionzi hiyo: makala, ukuta, mbuzi, na weye unayesoma. Mwili wa mtu unatoa hasa mawimbi ya mikromita 9 na nusu hivi, mchana na usiku, hata mu giza. Ngozi nyeusi ao nyeupe, kwa mawimbi hayo ni karibu sawasawa.

Kwa hiyo termoflashi, hata ikiwa na sura ya bastola, ndani iko na kitu kama jicho. Mionzi ya paji la uso wako inaingia, inapasha kisahani kidogo sana, na ile tofauti ya joto inazaa umeme kidogo ambao mashini inageuza kuwa nambari. Betri ni za kuhesabu na kuwasha kioo. Anayetoa mionzi ni weye. Zima ile mashini, tupa hata betri zake, paji lako litaendelea kutoa.

Tena inahitaji kusikia kitu kidogo sana. Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba nguvu ya mionzi inakwenda na joto kamili likizidishwa lenyewe mara nne. Ngozi ikitoka 35 kufika 37, yaani kelvini 308 mpaka 310, mionzi inaongezeka karibu 2,6 kwa mia. Ile tofauti ndogo ndiyo mashini inatafuta.

Njo maana inaweza kukosea pia. Inapima uso wa ngozi, haipimi damu ya ndani. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1 700, na asubuhi baridi ni kali. Mtu anatoka Beni juu ya moto, upepo umempiga kilometa zaidi ya 50, paji limepoa: nambari inashuka. Mwingine ametembea mu jua kali: nambari inapanda. Ndiyo sababu walikuwa wanakuambia ungoje kidogo kwa kivuli, kiisha wanarudilia. Na hata ikipanda kwa kweli, homa siyo Ebola. Termoflashi inasema joto. Jina la ugonjwa linatoka kwa laboratwari.

Nyongeza moja. Chanjo ya Ebola, iliyopewa watu zaidi ya 300 000 wakati ule, ilipaswa kulindwa mu baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Namna gani ilifika vijijini bila umeme? Kwa vyombo vilivyojengwa kama termosi yetu ya chai. Kati ya kuta mbili kumetolewa hewa, basi joto la kugusana na la kubebwa halina mahali pa kupita. Ukuta unaong'aa unarudisha mionzi. Njia zote tatu zimefungwa. Chai yako inabaki na moto kwa sababu ileile ambayo chanjo ilibaki na baridi.

Corona ilipofika mwaka 2020, termoflashi zikabaki milangoni. Jioni moja nikamketisha mama mkubwa kando ya babula na sahani mkononi. Akaiweka, akaitoa, akaiweka tena. Kiisha akasema: "Kumbe ile mashini iko kama uso yangu hapa. Inasikia tu moto. Na makala ni miye." Akanyamaza kidogo. "Juu ya nini haukuniambia vile ile siku?"

Sikuwa na la kujibu. Wenye kufundisha kati yenu, jaribuni hii ya sahani na wanafunzi. Haiombe laboratwari wala pesa. Na kama umeona kosa mu maelezo yangu, ao uko na mfano mwepesi kupita huu, uandike hapa chini, tujifunze wote.