Ndimu kwa Birika, Majivu kwa Sufuria

Birika letu la umeme lilikuwa limeota magamba meupe, mazito kama ganda la yai. Maji ya kisima cha mtaani kwetu ni ya chumvichumvi, na kila yakichemka huacha kidogo chini. Nilisugua kwa stili waya hadi vidole vikauma. Bibi wa nyumba ya pili akachungulia, akacheka: "Unapigana nalo ya nini, mwanangu? Likamulie ndimu."

Ndimu tatu, maji ya kufunika magamba, nikachemsha na kuliacha dakika 20. Vipovu vikaanza kupanda, magamba yakalegea. Mara ya pili yakamwagika pamoja na maji.

Magamba yale ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye chaki na maganda ya kome. Ndimu ina asidi ya sitriki, na asidi inapokutana na kaboneti huimeng'enya. Vile vipovu ni hewa ya ukaa inayotoka. Siki nyeupe ya dukani hufanya kazi hiyohiyo, maana huwa na asidi kama asilimia 5. Midomo ya bomba iliyoziba na vioo vya bafuni vyenye madoa ya maji ni kazi yake. Sakafu ya terazo au marumaru usiiguse kwa siki wala ndimu. Marumaru nayo ni kalisiamu kaboneti, kwa hiyo asidi itaila mng'ao kama ilivyoyala magamba ya birika.

Mafuta ni habari nyingine. Sufuria iliyokaangiwa samaki ukiipaka ndimu utapunguza shombo, lakini utelezi utabaki. Hapo ndipo bibi zetu walipochota majivu jikoni na kusugulia makumbi ya nazi. Majivu ya kuni yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni alkali, na alkali ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni. Kwa maneno mengine, bibi alikuwa akitengeneza sabuni kidogo papo hapo juu ya sufuria, huku chembe za majivu zikikwangua masizi. Magadi, yale ya Ziwa Magadi kule Kenya au Natron upande wa Tanzania, ni ya ukoo huohuo, ila yenyewe yana sodiamu.

Bibi alikuwa na chungu na sufuria nzito. Sisi tuna sufuria nyepesi za alumini. Alkali hula alumini na kuifanya nyeusi, kwa hiyo sugua haraka, suuza, wala usiloweke usiku kucha. Na vaa glavu kama mikono yako hupasuka.

Sasa kuna huu mtindo unaosambaa kwenye simu: mimina magadi ya kuokea kwenye sinki, ongeza siki, tazama povu. Povu linapendeza, sikatai. Lakini asidi na alkali zikikutana huuana nguvu, na kinachobaki sinkini ni maji yenye chumvi kidogo tu. Umetumia vitu viwili vizuri kupata kimoja dhaifu. Tumia magadi leo kwa mafuta, suuza, kisha siki kwa magamba.

Mchanganyiko wa kuogopa ni siki au ndimu na dawa ya kutolea madoa, ile yenye klorini. Asidi huitoa gesi ya klorini kwenye dawa hiyo. Ni gesi ileile iliyotumiwa vitani Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafuni hutoka kidogo, lakini chumba ni kidogo pia: macho huwasha, kifua hubana, na mwenye pumu huweza kuzidiwa. Dawa za choo zenye asidi ni vilevile. Ikikutokea, toka nje upate hewa, usirudi kumwagia kitu kingine.

Kusafisha si kuua vijidudu, na hapa wapenzi wa vitu asilia huteleza. Kwa vumbi, mafuta na magamba, jiko lako linatosha. Lakini nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu, kama zilivyokuwa nyingi Dar es Salaam kuanzia Agosti 2015, haisafishwi kwa ndimu. Alipotapika mgonjwa panahitaji klorini ya asilimia 0.5. Soma lebo ya chupa: ikiandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji, bila kuongeza kitu kingine chochote. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu ikilala nguvu yake hupungua.