Namna ya Kuelewana na Ng'ombe wa Plau

Ukipita kwetu jioni ukanisikia nikisema "Twende, Meja," "Simama, Meja," na hakuna mtu karibu, usidhani nimerukwa na akili. Meja ni maksai wetu. Hapa Kakamega, ng'ombe wanaosifiwa ni wale mafahali wa Khayega wanaopiganishwa huku ngoma za isukuti zikirindima. Mimi leo nataka kueleza habari za ng'ombe asiyeshangiliwa na mtu, yule anayevuta plau, na jinsi ya kuelewana naye anapofunzwa kazi.

Desemba iliyopita babu alinikabidhi Meja nimfunze. Alikuwa na umri wa karibu miaka mitatu, amekwisha kuhasiwa, lakini shingo yake haikuijua nira. Mvua za masika huanza Machi, na plau yetu hulima shamba letu kisha majirani huikodi. Pesa hizo ndizo karo yangu. Kwa hivyo haikuwa kazi ya mchezo.

Siku ya kwanza niliharibu kila kitu. Nilimfunga nira pamoja na Shujaa, ng'ombe wetu mzee, nikaanza kupiga makelele: "Twende! Haya! Songa! Kwani husikii?" Meja akapiga hatua moja, nami kwa pupa nikamcharaza fimbo apige ya pili. Akaipiga, nikamcharaza tena. Mwishowe akajitupa chini na kukataa kuinuka, huku Shujaa akivutwa shingo. Babu alikuja mbio akawafungua. Kisha akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, alipokwenda ulimpiga. Alipolala ukaacha. Sasa umemfunza nini?"

Nilikosa la kujibu. Kumbe nilikuwa nimemfunza kulala!

Tangu siku hiyo babu alinifundisha mambo manne.

Kwanza, jambo moja lina neno moja. Ikiwa ni "twende," basi iwe "twende" leo na kesho, kwa sauti ile ile. Ng'ombe hajui maana ya maneno. Anajua mlio wake na kile kinachofuata.

Pili, ukivuta kamba, ilegeze mara tu anapotii. Hapa ndipo wengi hukosea. Kule kulegea kwa kamba ndiko kumwambia, "Hapo umefanya vyema." Ukichelewa kulegeza, hatajua ni tendo gani lililokufurahisha.

Tatu, angalia unaposimama. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimjia huko kimya kimya atashtuka, na teke lake si la kusimuliwa.

Nne, msikilize yeye pia. Masikio yakikugeukia, anakusikiliza. Akitoa macho, akiinua kichwa na kupigapiga mkia, ana hofu. Afadhali upumzike kidogo, uanze tena kwa jambo analolijua.

Wanyama hawa hutusoma kuliko tunavyodhani. Mjini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1904, farasi aliyeitwa Hans alivuma ati anajua hesabu. Akiulizwa swali, aligonga chini kwa kwato mpaka akafikia jibu. Mtaalamu Oskar Pfungst alimchunguza, akagundua kuwa Hans hakujua hesabu hata chembe. Alikuwa akimtazama muulizaji. Jibu lilipofika, muulizaji aliinua kichwa kidogo sana bila kujijua, na farasi akaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye alishindwa. Basi ikiwa farasi aliweza kuona mtikiso mdogo kama huo, je, Meja hakuiona hasira yangu yote ile?

Tulianza upya. Kwa siku kadhaa nilimkuna shingo tu na kumtembeza kwa kamba. Halafu tukamvisha nira kando ya Shujaa bila mzigo, naye akawa anamwiga mwenzake. Kisha wakavuta gogo dogo, na mwisho kabisa plau. Kila siku tulifanya muda mfupi, tukaacha kabla hajachoka. Haraka haraka haina baraka.

Machi mvua ilipoanza, mimi nilitangulia na kamba, babu akashika plau. Nilisema "Twende" mara moja tu. Wacha we! Meja alikaza shingo, mnyororo ukanyooka, na udongo ukaanza kupinduka. Shamba letu lilikwisha, na majirani wawili wakatuita wiki hiyo hiyo.

Hata hivyo, si yote yaliyosahaulika. Mpaka leo nikishika fimbo, hata iwe ya kufukuzia mbwa tu, Meja husimama na kunitazama kwa jicho la pembeni. Basi mimi huitupa fimbo, nikaonyesha mikono mitupu, ndipo naye huendelea kula majani yake.