Majeruhi wa kichwa aulizwe pia anavyoona

Barabara kuu ya TANZAM inapopanda Kitonga mkoani Iringa, kisha inapoteremka Mlima Nyoka na Iwambi mkoani Mbeya, ajali si habari ngeni. Malori hufeli breki, bodaboda huangushwa. Majeruhi wa kichwa akizinduka na kuanza kutembea, ndugu humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Macho yake hayana jeraha, kwa hiyo hakuna anayeuliza anaonaje.

Baada ya wiki chache anaanza kujigonga kwenye fremu ya mlango, upande uleule kila mara. Sahani anaila nusu, ugali wa upande wa kushoto unabaki. Nyumbani wanasema ajali imempumbaza, wakati huenda upande huo hauoni.

Jicho hupokea mwanga tu, lakini picha husomwa na ubongo, hasa sehemu ya kisogoni. Vitu vya upande wa kushoto, viwe vimepokewa na jicho lipi, husomwa na ubongo wa kulia. Sehemu hiyo ikiumia, upande wa kushoto hupotea kwa macho yote mawili, na miwani ya kawaida haiwezi kuurudisha. Tena mgonjwa huyo anaweza kusoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa, kwa kuwa ubao hupima uoni wa mbele tu. Hapo ndipo wengi huambiwa macho yao ni mazima.

Wengine huona vitu viwili viwili. Mishipa ya fahamu inayozungusha macho hupita ndani ya fuvu, na mmojawapo huathirika kwa urahisi shinikizo likipanda humo. Jicho hushindwa kugeukia nje. Akifumba jicho moja, kitu cha pili hutoweka. Wengi hupata nafuu wenyewe kadiri miezi inavyopita, ndiyo maana upasuaji wa kunyoosha jicho kwa kawaida husubiri nusu mwaka au zaidi. Wakati huo wa kusubiri, plasta juu ya kioo kimoja cha miwani humwondolea mtu mzima adha hiyo. Mtoto asizibwe jicho bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu uoni wake bado unakua.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inategemewa na Nyanda za Juu Kusini nzima, na Iringa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni wodini, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Nesi akae mbele yake umbali wa mita moja, amzibe jicho moja, amwambie atazame pua ya nesi, kisha aoneshe vidole kulia, kushoto, juu na chini, akimuuliza ni vingapi. Kisha arudie kwa jicho la pili. Kazi hiyo haihitaji mashine. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kuruhusiwa, na tarehe ya kliniki ya macho ipangwe siku moja na ile ya kichwa. Mtu anayetoka Chunya au Makete hawezi kulipa nauli mara mbili, na asiporudi ataitwa mzembe bure. Anayemfanyisha mazoezi ya viungo naye aambiwe, maana mgonjwa asiyeona upande mmoja huanguka hata kama miguu yake ina nguvu.

Kuzuia ni bora zaidi: kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kama nyumbani kwako kuna aliyeumia kichwa, mpime kwa vidole leo. Akikosea upande mmoja, mpeleke kwa daktari wa macho umweleze habari ya ajali, na asiendeshe pikipiki wala gari mpaka apimwe. Lakini ukiona mboni moja imetanuka kuliko nyingine, naye anasinzia, anatapika au kichwa kinamuuma sana, usisubiri kliniki: mkimbize hospitali saa hiyohiyo.