Mzazi, njoo shuleni usome na mtoto wako

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unasoma bei dukani. Unasoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea. Leo unasoma gazeti hili. Hongera sana. Lakini je, mtoto wako amewahi kukuona ukisoma?

Wazazi wengi waliojifunza kusoma ukubwani husoma kwa kujificha. Wanaona haya. Mama anajiambia, “Mimi nasoma polepole. Mtoto atanicheka.” Haya hiyo ina hasara mbili. Mtoto hapati mwenzake wa kusoma naye nyumbani. Na mzazi asiyesoma kila mara husahau alichojifunza.

Nchi yetu imewahi kuiona hasara hii. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, 67 hivi hawakujua kusoma na kuandika. Watu wakaingia katika madarasa ya kisomo, chini ya miembe na kwenye majengo ya shule. Kufika mwaka 1986, wasiojua walikuwa wamebaki 10 hivi katika kila 100. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wasiojua walikuwa 22 hivi katika kila 100. Sababu ni nyingi. Moja ni kwamba kusoma ni kama jembe. Usipolitumia linaingia kutu.

Basi tufanye nini? Leo tuzungumze juu ya njia moja: sherehe ya vitabu darasani. Ni siku ambayo wazazi, bibi na babu wanakuja shuleni kusoma na kusimulia hadithi pamoja na watoto. Shule yoyote ya vijiji vya Mlima Meru inaweza kuifanya, kuanzia Ilboru hadi Tengeru na Usa River.

CHAGUENI SIKU NZURI

Kwanza, wazazi wachache wakutane na mwalimu wa darasa. Watu 5 wanatosha, na akina mama wawemo. Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule wapewe habari mapema.

Halafu chagueni siku. Wakati wa masika njia za mlimani zina matope na mito hujaa. Mwezi wa Septemba ni bora. Kuna ukavu, na mahindi mengi yamekwisha vunwa. Tena tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kisomo Duniani.

Angalieni pia siku ya soko. Soko kubwa la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Mkiita wazazi siku hizo, akina mama hawatakuja. Chagueni siku kama Alhamisi, saa 8 mchana, baada ya kazi za asubuhi.

VITABU VITATOKA WAPI?

Msiogope kwamba vitabu ni vichache. Tuseme darasa lina watoto 60. Wagawe katika vikundi 10 vya watoto 6. Kila kikundi kinahitaji kitabu kimoja tu. Kwa hiyo vitabu 10 vinatosha.

Anzeni na kabati la shule. Mwaka 1991 ulianzishwa nchini mradi wa vitabu vya watoto. Mradi huo ulinunua vitabu vya hadithi kwa wachapishaji wa hapa nchini na kuvigawa shuleni. Huenda vingine vimo kabatini, vimejaa vumbi. Mjini Arusha pia iko Maktaba ya Mkoa. Mwalimu aende aulize utaratibu wa kuazima.

Chagueni hadithi fupi za Kiswahili chepesi, zenye mambo ambayo watoto wanayajua. Waandishi wetu wapo. Mmoja ni Elieshi Lema, mwenyeji wa Kilimanjaro. Kitabu chake kimoja cha watoto kinaitwa Safari ya Prospa.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya nchi hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa, kwenye nchi kame. Sisi tunaweza kubeba vitabu 10 ndani ya kikapu.

MZAZI AJITAYARISHE

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mpeni kila msomaji kitabu wiki moja kabla. Wewe mzazi, chagua ukurasa mmoja tu. Usome nyumbani jioni mara 3. Neno likikushinda, mwulize mtoto. Si aibu. Mtoto akimfundisha mzazi neno moja, naye atalikumbuka.

Siku ya sherehe, usisimamishwe mbele ya watu wote. Utakaa kwenye mkeka na watoto 6, mtoto wako akiwa kando yako. Utasoma ukurasa wako kwa kidole, polepole. Kisha mtoto atasoma ukurasa unaofuata. Kusoma polepole kunawafaa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wanapata nafasi ya kufuata maneno.

Bibi na babu wasiojua kusoma waje pia. Wao ni vitabu vyenyewe. Bibi aseme “Paukwa!” na watoto waitike “Pakawa!” Kama hadithi anaijua kwa Kimeru au Kimaasai, asimulie hivyo hivyo. Mtoto anayejua lugha hiyo awaeleze wenzake kwa Kiswahili.

MTOTO YEYOTE ASIACHWE

Sherehe inaweza kuharibika kwa fedha. Mkidai mchango, mtoto wa maskini atabaki nyumbani, na mzazi wake ataona haya kuja. Kumbukeni kuwa mwaka 2016 Serikali ilikataza michango ya lazima shuleni. Anayetaka kutoa atoe kwa hiari. Asiye na kitu aje na hadithi.

Watoto wanapenda kujivika kama wanyama na watu wa hadithi. Msinunue nguo. Masikio ya sungura yanatengenezwa kwa boksi kuukuu. Manyoya ya simba yanatengenezwa kwa majani makavu ya mgomba.

Je, mtoto ambaye mzazi wake hatakuja? Kila darasa lina mtoto wa namna hiyo. Mwalimu aulize siku 3 kabla. Mtoto huyo apewe shangazi au jirani wa kukaa naye. Jina la mtu huyo liandikwe, lisiachwe hivi hivi. Mtoto akikaa peke yake siku hiyo, ataikumbuka sherehe kwa uchungu.

UTARATIBU WA SIKU YENYEWE

Saa 8.00: Kukaribishana. Hotuba moja tu, dakika 5.
Saa 8.15: Kusoma katika vikundi.
Saa 9.00: Bibi au babu anasimulia.
Saa 9.30: Watoto wanaigiza hadithi.
Saa 10.00: Kula. Kisha usafi na kuhesabu vitabu.

Someni kwanza, kuleni baadaye. Mikono yenye mafuta huharibu vitabu. Chakula kiwe cha kawaida: ndizi, mahindi ya kuchemsha, uji, au loshoro. Akina baba wasaidie kubeba maji na kuni. Akina mama wakishinda jikoni, hawatasoma na watoto wao.

TENGENEZENI KITABU CHENU

Sherehe ikiisha, kitu kibaki. Watoto waandike ile hadithi ya bibi na kuchora picha zake. Tengenezeni kitabu hivi:

1. Chukueni karatasi 8. Zikunjeni katikati pamoja. Mtapata kurasa 32.
2. Toboeni matundu 3 kwenye mkunjo.
3. Shoneni kwa sindano na uzi mnene.
4. Wekeni jalada la boksi. Libandikeni kwa uji mzito wa unga wa ngano.
5. Andikeni jina la hadithi, na jina la bibi aliyeisimulia.

Kitabu hicho kikae darasani. Kila Ijumaa mtoto mmoja akichukue nyumbani, asome na wazazi, akirudishe Jumatatu. Mwalimu aandike jina la aliyekichukua. Darasa la mwaka kesho litakikuta, na litaongeza cha kwake.

Ndugu msomaji, usingoje sherehe. Jioni hii mwite mtoto wako. Msomee kipande kimoja cha gazeti hili. Ukikwama, endeleeni pamoja.

ZUNGUMZENI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Ni siku gani inayofaa kwa sherehe ya vitabu katika kijiji chenu? Kwa nini?
2. Ni mzee gani kijijini mwenu anayejua hadithi ambazo hazijaandikwa?
3. Ni mtoto gani anaweza kukosa mtu wa kukaa naye? Mtafanya nini?