Kabla hujapuliza kabichi, tafuta nyigu huyu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kabichi alinipigia: "Bwana shamba, nimebadilisha dawa mara tatu, viwavi wapo tu. Nichanganye mbili?" Nikamwambia usichanganye, nakuja.

Niseme ukweli, nilipoanza kazi hata mimi nilishauri kupuliza kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo. Nilikosea. Yule kiwavi mdogo wa kijani, ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwenye uzi, huzoea sumu haraka sana. Anayekwisha ni adui yake.

Adui huyo ni nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum. Watu hana habari nao. Jike humdunga kiwavi na kutaga yai ndani yake, kisha buu linamla kiwavi kutoka ndani. Wataalamu wa ICIPE, Nairobi, walimleta kutoka Taiwan, akaachiwa nyanda za juu za Kenya mwaka 2002, baadaye Tanzania na Uganda. Anapenda baridi, kwenye joto hafanyi vizuri.

Utajuaje kama yupo? Geuza majani. Kifuko cha nondo ni kama chandarua, mdudu unamwona ndani. Cha nyigu kimefumwa kikashiba, ndani huoni kitu. Hicho usikiponde.

Kwa yule kijana tulikagua mstari kwa mstari, hatukukuta cha nyigu hata kimoja. Sikushangaa, alikuwa anapuliza dawa zinazoua kila mdudu. Tulikubaliana hivi:

1. Kagua kwanza, ndipo uamue kupuliza. Kalenda isikuamulie.
2. Ikibidi kupuliza, tumia Bt. Inamuua kiwavi anapokula jani, nyigu anayeruka haimdhuru.
3. Acha maua pembeni ya shamba, mfano giligilani. Nyigu mkubwa anakula asali ya maua.

Ila msinielewe vibaya. Kiwavi aliyedungwa haachi kula siku hiyo hiyo. Matundu utaendelea kuyaona kwa muda. Faida yake ni kwamba hatageuka nondo wa kuja kutaga tena. Kwa hiyo kama kabichi ni changa na viwavi wamezidi, piga Bt, usikae kumsubiri nyigu.

Kijana ameshaanza na Bt, nitarudi kukagua naye. Na wewe ukikuta kifuko kilichoshiba, nitumie picha kabla hujashika pampu.