Je, Wajua? Dawa Inayolala Penye Hewa

Daktari wa upasuaji anapofungua tumbo la mgonjwa ambaye kidole tumbo chake kimepasuka, mara nyingi pua humpa habari kabla ya macho. Usaha ukinuka uvundo, hangoji maabara ndipo ashuku: humu mna anaerobi, bakteria wasiotaka hewa. Oksijeni inayotuweka sisi hai, kwao ni kero, na kwa baadhi yao ni sumu kabisa. Siku zote tunaishi nao: wamejaa kwenye utumbo mpana, ufizini na ukeni, wala hawatusumbui. Balaa huanza ukuta unapotoboka wakapenya wasikostahili kuwa, iwe ndani ya tumbo, mapafuni au hata kwenye ubongo.

Hapo ndipo muuguzi hutundika kichupa cha mililita 100 chenye miligramu 500 za metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl. Dawa hudondoka taratibu hadi mshipani kwa dakika 20 hadi 60, na kwa mtu mzima kwa kawaida hurudiwa kila baada ya saa 8.

Haikuundwa kwa kazi hiyo. Watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa waliitengeneza katika miaka ya 1950 wakisaka tiba ya trikomona, kimelea cha sehemu za siri. Mwaka 1962, daktari wa meno wa Uingereza aitwaye Shinn aliandika katika jarida la Lancet juu ya mgonjwa aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya trikomona, na vidonda vya ufizi navyo vikapona. Ufizi ule ulikuwa maskani ya bakteria wasiotaka hewa. Dawa ya kimelea ikapata kazi ya pili.

Lakini inaua vipi? Ikiwa kichupani, metronidazoli ni baruti isiyowashwa. Huingia ndani ya seli bila kubagua, yako na ya bakteria. Anaerobi hujipatia nguvu kwa kupitisha elektroni kwenye protini zilizo tayari mno kuzitoa. Dawa ikipita hapo, huzidaka elektroni hizo na papo hapo hugeuka sumu inayokatakata DNA ya bakteria. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Seli zetu hazina mfumo wenye msukumo wa namna hiyo, na hata dawa ikidaka elektroni, oksijeni huinyang'anya, ikarudi kulala.

Nguvu yake ndiyo mpaka wake. Bakteria kama E. coli, wanaojimudu penye hewa na pasipo hewa, haiwawezi. Na kwa kuwa usaha wa tumboni huwa na makundi yote mawili, dripu hii mara nyingi huandamana na antibiotiki inayowakabili hao wengine, kama seftriaksoni au jentamaisini.

Usalama wake huanzia mikononi mwa muuguzi. Kichupa hukingwa na mwanga, hakiwekwi kwenye friji kwa sababu dawa huweza kufanya chembechembe, wala hakichanganywi na dawa nyingine. Vichupa vingi vina takriban miligramu 300 za sodiamu, jambo la kuangaliwa kwa mwenye moyo dhaifu. Ini ndilo huichakata dawa hii, hivyo likiwa taabani kipimo hupunguzwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, maana damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Pombe iachwe wakati wa matibabu na angalau siku 3 baada ya dozi ya mwisho.

Mgonjwa akisema mdomo una ladha kama amelamba sarafu, au mkojo umekuwa wa kahawia, asiogope. Ni dawa inapita. Lakini ganzi ya miguu, kuyumba au ulimi mzito ni jambo la kumwambia daktari mara moja, hasa kwa aliyeitumia wiki nyingi.

Kuna wanaoamini kwamba asiyetundikiwa dripu hajatibiwa. Kwa metronidazoli, imani hiyo haina mashiko. Kidonge chake hufyonzwa karibu chote, kikafika kwenye damu kama ilivyo ya mshipani. Dripu ni ya yule ambaye hawezi kumeza, anayetapika, au ambaye matumbo yake yamegoma. Akianza kunywa uji na kutulia, daktari humhamishia kwenye vidonge, na kanula, ule mrija mdogo ulio mshipani, ambayo nayo ni mlango wa vijidudu, ikang'olewa.

Wala dripu si mbadala wa kisu. Jipu kubwa lisipotolewa usaha, dawa hufika kwa shida. Daktari hutumbua na kusafisha. Kisha dawa inayolala penye hewa huamka kule ambako hewa haifiki, ikawamalizia waliojificha.